Maisha ya Douglas Clark, mubebaji wa makala na mwana-ragbi

Wasomaji wetu, leo tunawaletea maisha ya Mungereza mumoja, Douglas Clark. Alikufa zamani, mwaka wa 1951, na huku kwetu jina lake halijulikani sana. Tumemuchagua kwa sababu hii: alianza kazi kwa kubeba makala ya mawe kwa mugongo, akapata jina kubwa mu mupira wa ragbi, akavuta gazi ya sumu mu vita ya 14-18, akarudishwa nyumbani kama kilema, na kisha yote hayo akaingia tena mu uwanja. Watu wanaotumika mu shimo na mu usine, na wake zao wanaowangojea mangaribi, tunafikiri watasikia habari hii mbio kuliko wengine.

Mutoto wa makala

Clark alizaliwa tarehe 2 mwezi wa tano 1891, ku Ellenborough, kijiji kilicho karibu na muji wa Maryport, mu jimbo la Cumberland. Ni kule pembeni ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, kando ya bahari, karibu na mupaka wa Scotland. Ilikuwa inchi ya makala ya mawe na chuma. Wanaume walishuka mu mashimo, na makala yaliyotoka chini yalipakizwa mu mashua ku bandari ya Maryport.

Baba yake alikuwa muuzaji wa makala. Douglas alipofika miaka 14 aliacha masomo na kuingia mu kazi ya baba. Wale wanaojua makala ya Luena wanajua uzito wake. Kujaza gunia, kuinua gunia, kuliweka ku mabega, kulipeleka mpaka ku nyumba ya mununuzi, kurudi, kuinua lingine. Asubuhi vile, mangaribi vile. Mikono inakuwa myeusi, vumbi inaingia mu pua na mu koo. Kijana yule hakujenga mwili wake kwa chuma za michezo. Kazi njo ilimujenga. Mugongo na mabega yake vilikuwa tayari mbele hata ya kukomaa.

Mu jimbo lile kulikuwa tena mieleka ya namna yao, ya zamani sana. Watu wawili wanasimama kifua kwa kifua, kila mumoja anaweka kidevu ku bega la kuume la mwenzake, na mikono inafungwa nyuma ya mugongo wa yule mwingine. Kisha wanaanza kuvutana. Anayegusa chini kwa kitu kingine kuliko miguu, ameanguka. Anayeachilia mikono yake mbele ya mwenzake kuanguka, naye pia amekosa. Hakuna kupiga ngumi, hakuna kupiga teke la hasira. Clark alipenda mieleka ile maisha yake yote. Ilimufundisha kusimama ku miguu yake na kusikia uzito wa mutu mwingine mbele ya kumusukuma.

Mupira uliozaliwa juu ya mushahara

Mbele ya kuendelea, inafaa tueleze mupira ule aliocheza, kwa sababu si kandanda tunayojua. Ragbi inachezwa kwa mupira mrefu sawa yai. Mutu anaushika mu mikono na kukimbia nao. Anaweza kumupitishia mwenzake, lakini paka kwa nyuma, kamwe kwa mbele. Anayefikisha mupira nyuma ya mustari wa adui na kuuweka chini, amepata trai. Wakati ule trai ilikuwa pointi 3. Tena mutu anaweza kupiga mupira kwa muguu upite kati ya miti miwili, juu ya ule muti uliolala: pointi 2. Yule anayekimbia na mupira, wengine wanamukamata na kumuangusha. Ni mupira mukali.

Mu Uingereza kuko ragbi mbili: moja ya wachezaji 15, na moja ya wachezaji 13. Namna gani zilitengana? Kwa sababu ya mushahara. Kaskazini ya inchi, mu majimbo ya Yorkshire na Lancashire, wachezaji wengi walikuwa watu wa mashimo na wa mausine ya nguo. Siku ya posho walikuwa wanatumika nusu ya siku. Mutu akitaka kusafiri na ekipi yake, alikosa masaa ya kazi, na masaa yale hayakulipwa. Basi klabu za kaskazini ziliomba kitu kimoja: mutu aliyepoteza masaa yake ya kazi juu ya mupira, klabu imulipe ile aliyopoteza. Wakubwa wa ragbi walikataa. Walisema mupira ni mchezo wa heshima, haufai kuguswa na pesa. Ni rahisi kusema vile kama chakula cha nyumbani hakitoki mu masaa ya siku ya posho.

Tarehe 29 mwezi wa munane 1895, wajumbe wa klabu za kaskazini, zaidi ya makumi mbili, walikutana mu hoteli George ku muji wa Huddersfield, wakaamua kujitenga. Baadaye, mu 1906, walipunguza wachezaji wakawa 13, mupira ukapata kukimbia zaidi. Njo ragbi ya 13, mupira wa watumikaji. Aliyeucheza alifungiwa mulango wa ragbi ile ingine.

Ekipi ya Huddersfield

Clark alianza kucheza kwao, na mu 1909, akiwa na miaka 18, ekipi ya Huddersfield ilimuita. Huddersfield ni muji wa Yorkshire, muji wa usine za nguo za manyoya ya kondoo. Alibaki mu ekipi ile miaka 20.

Alikuwa mumoja wa wale sita wa mbele. Kazi ya wale sita ni kazi ya uzito: wanashikana mabega, wanainama, wanasukumana na sita wa ngambo ingine juu ya kupata mupira. Wakiisha kuupata, wanaupeleka nyuma kwa wale wa mbio. Watazamaji wanapiga mikono kwa yule anayekimbia na kuweka mupira chini. Wale wa mbele, wanatoka mu uwanja na matope mpaka mu masikio. Lakini kila mutu wa mupira anajua: pasipo wale sita, wa mbio hawana kitu cha kukimbia nacho. Ni sawa mu mine. Anayeonekana ni tone ya shaba inayotoka. Aliyepasua jiwe chini, haonekani.

Na Huddersfield ilikuwa na watu wa mbio kweli. Kulikuwa Harold Wagstaff, kapiteni, kijana wa huko huko Yorkshire aliyeanza mu ekipi kubwa akiwa na miaka 15 tu. Kulikuwa Albert Rosenfeld, aliyetoka Australia, na ambaye mu sezoni moja, ile ya 1913-1914, alipata trai 80. Mpaka leo hakuna aliyeipita hesabu ile. Kulikuwa Ben Gronow, wa Wales, fundi wa kupiga mupira kwa muguu. Watu waliita ekipi ile ekipi ya vipawa vyote. Mu 1913 ilichukua Kombe kubwa la ragbi ya 13 kwa kushinda Warrington 9 kwa 5. Na mu vipawa vile vyote, Clark alikuwa ile nguvu iliyo chini ya nyumba.

Siku ya Sydney

Mu 1911 alianza kuchezea inchi yake. Mu 1914 Uingereza ilituma ekipi kwa mashua mpaka Australia na Nouvelle-Zélande, na Wagstaff alikuwa kapiteni wake. Clark alikuwa ndani.

Zilipangwa mechi tatu kubwa juu ya kuona nani mushindi kati ya Uingereza na Australia. Ya kwanza, ku Sydney, tarehe 27 mwezi wa sita, Wangereza walishinda 23 kwa 5. Ya pili, siku mbili tu kisha ile, wakashindwa 12 kwa 7. Wachezaji mingi walikuwa wameumia. Mechi ya tatu ilipashwa kuchezwa baadaye, mwezi wa munane, mu muji mwingine. Lakini wakubwa wa Australia walitaka ichezwe upesi, ku Sydney, siku ya posho ya tarehe 4 mwezi wa saba. Wakubwa wa safari walikataa, sababu watu wao walikuwa wagonjwa. Basi maneno yalipelekwa kwa telegramu mpaka Uingereza. Jibu lilirudi: mucheze. Wale walioandika jibu lile walikuwa mbali, ngambo ya bahari mbili, na mifupa yao haikuwa inauma.

Wakacheza. Mwanzo ulikuwa muzuri. Walipata trai mbio, na Alf Wood alipiga mupira kati ya miti. Lakini Frank Williams, mutu wa winga, aliumia muguu. Clark akavunjika kidole gumba. Walikifunga na kitambaa, akarudi mu uwanja, akaendelea kusukuma sawa mbele. Nusu ya mechi ilifika, Wangereza 9, Australia 0.

Kipindi cha pili, mambo yakaharibika. Clark alikimbia na mupira, akagongana na adui, akaanguka vibaya, na mfupa wa bega ukaumia. Alitoka, akajaribu kurudi. Mukono haukuweza kitu. Akatoka kabisa, na watu waliomuona walishuhudia kwamba alikuwa analia. Hakulia juu ya maumivu. Alilia juu ya kuacha wenzake. Wakati ule hakukuwa sheria ya kubadilisha muchezaji: aliyetoka, nafasi yake ilibaki wazi. Williams akashindwa kuendelea. Billy Hall akapigwa ku kichwa, akapelekwa inje bila akili. Wangereza wakabaki 10 juu ya 13.

Tunaomba musomaji afikiri kidogo. Mu shimo, kikundi cha watu 13 wanabaki 10, na kazi ni ile ile, na saa haijafika. Njo hivyo ilikuwa. Wagstaff aliwapanga wale waliobaki, wakaanza kukamata tu: kukamata, kuangusha, kuinuka, kukamata tena. Na katikati ya taabu ile, kitu kisichongojewa kilifika. Wagstaff alipenya na mupira, akamupitishia Chick Johnson, mutu wa mbele ambaye walikuwa wamemupeleka kucheza winga kwa kukosa watu. Johnson akaacha mupira uanguke, akaanza kuusukuma kwa muguu, kidogo kidogo, sawa mutoto wa kandanda, mpaka ukapita mustari, na akaanguka juu yake. Trai. Wood akaongeza pointi mbili. 14 kwa 0. Australia ilipata trai mbili mu dakika za mwisho, lakini saa ilikwisha: 14 kwa 6.

Magazeti yaliita mechi ile Rorke's Drift. Hilo ni jina la pahali mu Afrika ya Kusini, ambapo mu 1879 waaskari Wangereza wapata 150 walijizuiza mbele ya maelfu ya Wazulu. Sisi tunaongeza paka neno moja: Wazulu wale walikuwa wanapigania inchi yao, iliyoingiwa na vita ya wageni. Jina la mechi ni la Wangereza, na linaonyesha namna walivyoona mambo. Lakini ushujaa wa wale 10 mu uwanja, na machozi ya yule aliyetoka, hayo hayahitaji jina la vita.

Vikombe ine, na vita

Kisha Sydney, ekipi ilikwenda Nouvelle-Zélande, ikashinda ku Auckland tarehe 1 mwezi wa munane, 16 kwa 13. Siku tatu nyuma, Uingereza iliingia mu vita. Ile vita njo ile iliyochukua babu zetu wa Force Publique mpaka Tabora mu 1916, na wapagazi elfu na elfu waliobeba mizigo ya vita ku kichwa.

Clark alirudi Huddersfield, bega likapona. Sezoni ile ya 1914-1915 ekipi yake ilifanya jambo ambalo klabu chache sana ziliweza kulifanya: ilichukua vikombe vyote ine vilivyokuwa. Ku mwisho wa Kombe la jimbo la Yorkshire walipiga Hull 31 kwa 0. Ku mwisho wa ubingwa walipiga Leeds 35 kwa 2. Ku mwisho wa Kombe kubwa, tarehe 1 mwezi wa tano 1915, walipiga St Helens 37 kwa 3. Hata leo mu Huddersfield wanahesabu ekipi ile kuwa ya kwanza kati ya zote.

Kisha mambo ya mupira yakasimamishwa, na wachezaji wakaenda. Clark aliingia mu jeshi, mu kikosi cha magari kilichobeba vyakula na risasi za waaskari. Wagstaff, Gronow na Rosenfeld walikuwa naye mu kambi ya Grove Park, karibu na London. Mukubwa mumoja wa kambi ile aliwaweka mu ekipi ya ragbi ya wachezaji 15. Mbele ya vita, wangefukuzwa ku mulango. Sasa, kwa kuwa wote walikuwa waaskari, sheria ililegezwa. Sezoni moja walishinda mechi zao zote isipokuwa moja. Walionekana wanaweza kucheza na watu wote, na kupita wengi. Ni mambo ya ajabu: kilichoshindikana wakati wa amani, vita vilikifanya kiwezekane mu siku moja. Na vita vilipokwisha, mulango ulifungwa tena.

Mu 1917 Clark alikuwa Ubelgiji, upande wa Ypres na Passchendaele. Passchendaele ni kijiji kidogo, lakini jina lake lilibaki mu vichwa vya watu juu ya matope. Vita ya pale ilidumu kutoka mwisho wa mwezi wa saba mpaka mwezi wa 11. Mvua ilinyesha, mizinga ilivunja mifereji yote ya mayi, shamba zikawa ziwa la matope. Watu, farasi na magari vilizama ndani. Kazi ya Clark ilikuwa kuendesha kamiyo iliyojaa risasi za mizinga, usiku, taa zimezimwa, ku barabara ambayo mizinga ya Wadachi ilikuwa inaipiga kila mara. Aliyewahi kubeba baruti mu shimo anaelewa. Risasi moja ku kamiyo, na hakuna wa kuzika.

Hapa kuko kiungo na huku kwetu, na wachache wanakijua. Usine ya Lubumbashi ilianza kumwanga shaba mu 1911. Miaka ya vita shaba ilitakwa sana Ulaya juu ya kutengeneza risasi za mizinga, na kati ya 1914 na 1917 ile iliyotoka ku Union Minière iliongezeka zaidi ya mara mbili. Shaba ya Katanga, iliyochimbwa na mikono ya watu wa huku, iliingia mu risasi za Wangereza na wenzao. Yule mubebaji wa makala wa Maryport na wachimbaji wetu wa zamani hawakuonana kamwe. Lakini mizigo yao ilikutana.

Clark alikuwa na kitabu kidogo ambamo aliandika mambo ya kila siku ya vita. Alipewa medali ya kijeshi juu ya uhodari chini ya moto. Na mu Passchendaele vipande vya risasi viliingia mu mwili wake, na gazi ikaingia mu mapafu yake. Gazi ile haikupiga kelele. Ilichoma macho, ngozi na pumuzi, na waliovuta mingi walikufa siku chache nyuma, ama waliishi na kifua kilichooza. Clark alipelekwa hopitali, kisha akarudishwa kwao na karatasi ya ulemavu. Mutu aliyeinua makunia ya makala akiwa na miaka 14, karatasi ilisema sasa mwili wake hauwezi kazi.

Kurudi

Wengi walifikiri habari ya Clark imekwisha pale. Yeye alirudi kidogo kidogo. Kutembea, kukimbia kidogo, kuinua kidogo, kuongeza. Mu 1919 mupira ulianza tena, na Clark alikuwa mu ekipi ya Huddersfield.

Sezoni ya 1919-1920, Huddersfield ilikuwa karibu kuchukua tena vikombe vyote ine. Ilichukua vitatu. Ku mwisho wa Kombe kubwa ilishinda Wigan 21 kwa 10. Kikombe cha ine, cha ubingwa, ilishindwa na Hull 3 kwa 2. Lakini siku ile wachezaji watano wa Huddersfield hawakuwa mu uwanja: Wagstaff, Gronow, Rogers, Thomas na Clark. Walikuwa mu mashua, njiani kwenda Australia, kwa sababu inchi ilikuwa imewachagua. Mutu aliyeandikwa kilema mu vita, miaka mitatu tu kisha Passchendaele alikuwa mu ekipi ya inchi yake kwa mara ingine, kwenda ku inchi ile ile ambamo alitoka mu uwanja akilia.

Safari ile Wangereza hawakushinda Australia. Walipoteza mechi mbili, wakapata moja. Hatusemi kwamba kila kurudi kunaisha na kikombe.

Clark aliendelea na Huddersfield mpaka 1929. Alikuwa na miaka 38, na alikuwa amechezea klabu ile karibu mara 500. Kwa muchezaji wa mbele, anayepigwa kila dakika, hesabu ile ni kubwa sana. Na bado hakukaa. Mu miaka ile ile alirudi ku mieleka ya kwao, akashinda wazito ku michezo ya Grasmere, ambayo ni mikubwa kuliko yote mu mieleka ile. Kisha, mu miaka ya 1930, aliingia mu mieleka ya pesa, ile huku kwetu tunaita kachi, akazunguka nayo mpaka Australia. Watu wa Sydney waliomuona 1914 na bega lililoumia, wakamuona tena, nywele zimepungua, mabega ni yale yale.

Alikufa mu Huddersfield tarehe 1 mwezi wa pili 1951, hajafika miaka 60. Jina lake liko leo kati ya majina ya heshima ya ragbi ya 13 ya Uingereza.

Tuseme nini?

Tunajua namna habari sawa hii inaweza kutumiwa vibaya. Mukubwa wa kazi anaweza kuisoma na kumwambia mutumikaji anayekohoa: angalia Clark, alivuta gazi na akarudi, wewe nawe rudia kazi. Hapana. Habari hii haisemi vile.

Kwanza, si wote walirudi. Mu wale waliosafiri pamoja na Clark mu 1914, watatu walikufa mu vita, wote mu mwaka wa 1916: Fred Longstaff, mwenzake wa mbele mu Huddersfield, Walter Roman na Billy Jarman. Walikuwa watu wa nguvu sawa yeye. Walicheza mupira ule ule, walikula bukari yao ya Kizungu ku meza ile ile ya mashua. Nguvu ya mwili haikuwaokoa. Gazi na risasi haziulizi mutu kama ni bingwa.

Pili, Clark alirudi mu uwanja kwa kupenda kwake mwenyewe. Hakuna aliyemunyanganya karatasi yake ya ulemavu na kumusukuma. Karatasi ile ilikuwa haki yake, sawa ginsi karatasi ya munganga ni haki ya kila mutu aliyeumizwa na kazi ama na vita. Anayehisi kifua kinabana kisha kazi ya chini, aende kwa munganga mapema, na familia imusukume aende. Kungoja si uhodari.

Sasa tunabaki na nini? Tunabaki na yule kijana wa makunia. Ragbi yake ilizaliwa kwa sababu watumikaji walikataa kupoteza mushahara wao. Nguvu yake ilitoka ku kazi, si ku utajiri. Ku Sydney wakubwa wa mbali waliamuru, na watu 13 wa karibu walibeba. Ku Passchendaele vilevile. Clark alibeba makala, akabeba wenzake mu uwanja, akabeba risasi mu matope, na kila mara mutu mwingine njo alikuwa ameamua uzito wa mzigo. Mara moja tu uamuzi ulikuwa wake: ile siku, na kifua kilichochomwa na gazi, alipofunga viatu vyake na kuanza kukimbia kidogo kidogo, pasipo mutu kumutuma. Kwa sisi, ushindi wake mukubwa ni ule.